Maneno Matatu ya Kware

Hadithi yaja!
— Na ije!
Yaja inachechemea!
— Mshikeni mkono aketi!
Yaja na kilio!
— Na ije nacho, tutakaa nacho!

Haya, kaeni. Na wewe vuta huo mguu wako, mwenzio naye apate moto. Leo sina ya sungura. Ya sungura mnaijua mpaka mnacheka kabla sijafika pa kuchekesha. Leo nina ya Kware, na anayetaka kucheka acheke mapema, maana huko mbele kicheko ni haba.

Hapo zamani, wanyama walipokuwa na mfalme na baraza na makelele yao, palikuwa na nchi kavu iliyoitwa Kiwambazi. Chemchemi ilikuwa moja tu. Mfalme alikuwa Nyati, mwenye kichwa kizito na ukoo mkubwa wa kwato. Na mwita wa nchi alikuwa Kware, ndege wa chini, mdogo, wa rangi ya vumbi, lakini koo lake! Akifungua koo lake alfajiri, hata aliyelala shimoni anaamka.

Kazi ya Kware ilikuwa kuita maneno matatu. Hakuyatunga yeye. Aliyarithi kwa mama yake, na mama yake kwa mama yake, tangu Mungu alipowagawia wanyama sauti.

Aliita, "Yupo!"
Wanyama wakaitikia, "Tumesikia!"
Akaita, "Anaona!"
Wakaitikia, "Tumesikia!"
Akaita, "Atauliza!"
Wakaitikia, "Tumesikia!"

Basi. Kila mtu akaenda zake kutafuta riziki.

Lakini pahali maneno hayo yalipokuwa na kazi hasa ni kaburini. Mchimba makaburi alikuwa Mhanga, mwenye kucha ndefu na maneno machache. Mhanga hafukii mpaka Kware aite na majirani waitikie. Neno la kwanza, wakishaitikia, anaweka udongo miguuni. La pili, wakishaitikia, anaweka kifuani. La tatu, wakishaitikia, anafunika uso. Na mfiwa mwenyewe haruhusiwi kuitikia. Desturi ilisema mfiwa hana sauti siku hiyo, majirani ndio sauti yake. Kaburi lisiloitikiwa walilihesabu kuwa wazi, hata ungelipandia mti juu yake.

Msidhani wote waliamini mamoja. Kenge hakuamini kitu. Alilala juu ya jiwe lake, Kware akiita "Yupo!" yeye anauliza, "Wapi?" Kware anamwambia, "Shuka kwenye jiwe ukamtafute, mvivu wewe!" Wanacheka wote wawili. Halafu Kenge anaitikia na wenzake, "Tumesikia," maana kusikia alikuwa amesikia kweli.

Ndivyo walivyoishi. Walitaniana, walibishana, walizikana.

Sasa ukame ukaja. Mfalme Nyati akaizungushia chemchemi ua wa miiba, akasema, "Ukoo wangu kwanza. Nyinyi wengine mtakunywa tukishashiba." Nao walikuwa hawashibi. Jua likawa kali, matope yakakauka, ndimi zikashikana na makaakaa.

Na kila alfajiri Kware anaita. "Yupo!" Mfalme anageuza shingo. "Anaona!" Mfalme anatikisa masikio. "Atauliza!" Mfalme anaamka, na usingizi ndio umekwisha hivyo.

Akamwita mshauri wake, Nguchiro, msafi, mwepesi, mwenye sauti ya kubembeleza watoto.

"Nguchiro," akasema mfalme, "kila kukicha naambiwa nitaulizwa. Niulizwe nini? Mfunge mdomo huyo ndege."

"Aa, mfalme wangu," akasema Nguchiro, "usimkataze kwa jina lako. Watasema unaogopa. Mkataze kwa jina la aliyeumizwa."

"Nani kaumizwa?"

"Atapatikana."

Nguchiro akaenda kwa Ngiri. Zamani Ngiri aliwahi kufumaniwa akila viazi vya jirani, na nchi nzima ilijua.

"Ngiri ndugu yangu, pole sana."

"Pole ya nini?"

"Kware anapoita 'Atauliza', unajisikiaje?"

"Nasikia kumekucha."

"Hapana. Unakumbushwa vile viazi. Unadhalilishwa mbele za watu. Umeumia, ndugu yangu, ila hujajijua."

"Mimi? Viazi vyenyewe nilishavilipa, na mwenyewe hunicheka mpaka leo."

"Basi vizuri," akasema Nguchiro, "maana aliyeumia serikali inampa zamu moja ya kunywa chemchemini. Kama hukuumia, nisikusumbue."

Ngiri akatazama chini. Akameza mate, na mate yenyewe hayakuwapo. Akasema, "Ukifikiri vizuri, kidogo niliumia."

Likatoka tangazo: neno "Atauliza" linaumiza. Lisitamkwe hadharani.

Kware akaenda kwa Mhanga. "Mhanga, wamenichukulia neno la tatu."

"Utafanyaje?"

"Nitaliacha. Nina vifaranga. Mawili yamebaki."

Siku zikapita. Mfalme hakulala vizuri bado. Nguchiro akaenda kwa Fuko, asiyeona tangu kuzaliwa.

"Fuko ndugu yangu, pole sana."

"Nani huyo? Pole ya nini?"

"Kware anapoita 'Anaona', si anakusimanga wewe usiyeona?"

Fuko akacheka mpaka udongo ukamwingia puani. "Yeye anamsema Mungu, bwana! Anasema Mungu ananiona na mimi huku chini gizani. Hilo ndilo neno langu ninalolipenda kuliko yote."

"Umeumia, ndugu yangu, ila hujajijua. Aliyeumia anapewa zamu ya kunywa."

Fuko akatega sikio. Shimoni mwake watoto wake walikuwa wanalamba mawe. Akasema, kwa sauti ndogo, "Andika niliumia."

Likatoka tangazo: neno "Anaona" linaumiza. Lisitamkwe hadharani.

Kware akaenda kwa Mhanga. "Mhanga, wamenichukulia neno la pili."

"Utafanyaje?"

"Nitaliacha. Nina vifaranga. Moja limebaki."

Naam, mmeshajua wapi Nguchiro anaelekea. Akapanda jiweni kwa Kenge.

"Kenge ndugu yangu, pole sana. Wewe huamini, na kila asubuhi unapigiwa kelele 'Yupo, Yupo'. Umeumia."

Kenge akakasirika hasa. "Toka kwenye jiwe langu! Mimi na Kware tumebishana tangu yeye hajaota manyoya. Akinyamazishwa, nitabishana na nani? Na wewe, usiyeamini wala kukana?"

"Sawa," akasema Nguchiro. "Nilidhani una kiu."

Kenge akatazama chemchemi. Alitazama sana. Mwisho akasema, "Nakunywa, lakini mimi sijasema kitu. Semeni nyinyi."

Wakasema wao. Likatoka tangazo: neno "Yupo" linaumiza. Lisitamkwe hadharani. Nguchiro mwenyewe akasimama barazani akaeleza kwa upole, "Ndugu wananchi, hakuna aliyekatazwa kusali. Serikali inaheshimu imani zote. Kila mtu asali ndani ya shimo lake, kwa sauti isiyotoka nje. Na Kware hatukumfukuza kazi. Kila alfajiri ataita, 'Habari za asubuhi, wapendwa.'"

Na Kware akaita hivyo. Msimcheke. Koo lililokuwa likiamsha nchi nzima likawa linasema habari za asubuhi, wapendwa, na hakuna aliyeitikia, maana salamu hiyo haikuwa na mahali pa kushika.

Sasa nisikilizeni vizuri.

Palikuwa na mama mmoja, Digidigi, mnyama mdogo kuliko swala wote, na mtoto wake mmoja tu, Tunu. Tunu alishikwa na kiu mpaka macho yakaingia ndani. Mchana wa jua kali akapita chini ya ua wa miiba, akainama, akaramba maji ukingoni. Hakuramba sana. Ukoo wa mfalme ukaja mbio kunywa, na hakuna hata mmoja aliyetazama chini.

Mama yake alimwokota baada ya wao kushiba.

Akapiga yowe, "Wamemkanyaga mwanangu! Wamemkanyaga!"

Nguchiro akafika upesi, na machozi machoni, machozi ya kweli, alikuwa hodari wa hayo. "Mama Tunu, pole sana. Ila tusiseme 'wamemkanyaga'. Neno hilo linawaumiza wenye kwato wote, hata wasiohusika. Tuseme Tunu amekutana na msafara."

Mama Tunu alimbeba mtoto wake mpaka kwa Kware, akamlaza chini, akasema, "Kware, nataka maneno matatu."

"Mama Tunu, nitakamatwa."

"Najua."

"Nina vifaranga."

"Na mimi nilikuwa na mtoto."

Kware akainamisha kichwa. Mama Tunu akasema, "Shoga yangu, sikuombi mengine. Mfalme hatamwuliza mtu juu ya Tunu. Baraza halitamwuliza mtu. Ukiliacha na hilo neno kwamba Mungu atauliza, basi mwanangu kafa kama jani. Sitaki azikwe kwa habari za asubuhi."

Kware akasema, "Nitaita. Lakini peke yangu sifai kitu. Bila kuitikiwa, Mhanga hawezi kufukia. Nenda kwa majirani."

Mama Tunu akaenda kwa Ngiri. "Kware ataita. Utaitikia?"

"Nitaitikia, Mama Tunu! Wa kwanza mimi!"

Akaenda kwa Fuko. "Kware ataita. Utaitikia?"

"Nitaitikia, mama. Hawawezi kutukamata wote."

Akaenda kwa Kenge. "Kware ataita. Utaitikia?"

"Mimi siamini, unajua. Lakini nitaitikia kwa nguvu kuliko wanaoamini."

Mama Tunu akarudi, na moyo ukiwa umemtulia kidogo, kadiri moyo wa mfiwa unavyoweza kutulia.

Alasiri wakakusanyika. Nchi nzima ilikuja, nasema nzima. Mhanga ameshachimba, kaburi dogo la kutia huruma. Tunu amelazwa ndani. Pembeni amesimama Nguchiro na madume wawili wa ukoo wa mfalme. Hawakupiga mtu, hawakutisha mtu. Walisimama tu wakitazama nani kasimama wapi.

Kware akaruka juu ya kifusi. Akafungua koo lake, lile la zamani.

"Yupo!"

Kimya.

Mhanga ameshika udongo kwa kucha zake, anangoja. Kware akamtazama Ngiri. Ngiri anatazama kwato zake.

"Anaona!"

Kimya.

Kware akamtazama Fuko. Fuko amegeuzia uso ukutani mwa kifusi, kama mtu aliyesikia jambo huko chini.

Sauti ya Kware ikaanza kupasuka. Akaita kwa nguvu zake zote, mpaka shingo ikasimama manyoya.

"Atauliza!"

Kimya. Kenge alifungua kinywa. Nawaambia alifungua, waliokuwa karibu walimwona. Kisha akakifunga.

Nguchiro akangoja kwa adabu mpaka mwangwi ukaisha. Akauliza, "Umemaliza, bibi Kware?" Akageuka kwa watu. "Kuna aliyeitikia? Hakuna. Mmeona wenyewe, si serikali iliyomkataa. Ni nyinyi wananchi."

Na hapo, wanangu, hata mimi ninayesimulia sina la kumjibu Nguchiro. Ndicho kinachoniuma. Ningependa kuwaambia alisema uongo.

Wakamkamata Kware, wakamfunga mdomo kwa nyasi ngumu, mizunguko mitatu. Nguchiro akasema hiyo si adhabu, ni kumkinga na maneno yake mwenyewe. Wakamwachia aende popote atakapo. Sasa niambieni, ndege aliyefungwa mdomo ataokota nini? Atakunywa nini? Alitembea Kiwambazi yote, huru kabisa, hakuna aliyemgusa. Alisimama mlangoni kwa Ngiri, kwa Fuko, kwa Kenge, akiomba kwa macho afunguliwe. Kila mmoja alimwonea huruma sana, na kila mmoja aliogopa kuonekana akifungua. Alikufa kwa kiu, karibu na vifaranga vyake, navyo vikamzunguka vikimsalimu habari za asubuhi, maana tangu vianze kushika maneno, ndilo pekee vilillomsikia akiliita alfajiri.

Na Mama Tunu? Kaburi la mwanawe lilikuwa bado wazi. Mhanga alikaa pembeni na udongo wake. "Mama, siwezi," akasema. "Hakuitikiwa. Nikifukia hivi, nitakuwa nimeficha nyama, sijazika mtoto."

Mama Tunu akazunguka tena kwa majirani.

Akamwambia Ngiri, "Kware aliita. Hukuitikia."

Ngiri akasema, "Mama Tunu, niliitikia moyoni."

Akamwambia Fuko, "Kware aliita. Hukuitikia."

Fuko akasema, "Mama, Mungu anajua, niliitikia moyoni."

Akamwambia Kenge, "Kware aliita. Hukuitikia."

Kenge akalia, mzima mzima juu ya jiwe lake. Akasema, "Hata mimi, Mama Tunu. Moyoni."

Mama Tunu akawaambia, "Basi njooni sasa, hata kwa kunong'ona. Mwanangu amelala shimoni. Ya moyoni hayasikii."

Wakasema watakuja. Wakasema kesho. Wakasema upepo ukigeuka, Nguchiro akisafiri, mfalme akizeeka.

Mama Tunu akarudi kaburini. Akasimama pale akifukuza nzi na tai kwa kwato zake ndogo ambazo hazikutosha. Siku moja akachoka kungoja watu. Akaita mwenyewe maneno matatu, kwa sauti ya kukwaruza, na akajiitikia mwenyewe, kinyume cha desturi yote. "Yupo. Nimesikia. Anaona. Nimesikia. Atauliza. Nimesikia." Akasukuma udongo kwa kwato zake, kidogo kidogo, miguuni, kifuani, usoni. Mhanga alimtazama akilia, lakini hakusaidia. Hakujua kama kinachofanyika ni maziko.

Na sisi hatujui mpaka leo. Alizikwa Tunu au hakuzikwa? Wapo wanaosema Mungu aliihesabu sauti ya mama. Wapo wanaosema kaburi lile liko wazi bado, na kila anayepita Kiwambazi analikanyaga pasipo kujua. Mimi sijaambiwa.

Ninachojua ni hiki. Mtazameni digidigi, chini ya jicho lake ana alama nyeusi, mfereji wa chozi, ambao haukauki masika wala kiangazi. Wala haishi na kundi, hata aone kundi kubwa namna gani. Alishaliona kundi.

Na vifaranga vya Kware walikua. Miaka ilipopita, mfalme Nyati alifiwa na mama yake, akaja mbio, akasema, "Iteni yale maneno! Mimi mfalme nawaruhusu!" Vifaranga wakamwuliza, "Maneno gani, babu?" Akageuka kwa Ngiri, akageuka kwa Fuko, akageuka kwa Kenge, na kila mmoja akatazama chini, maana kwa kuyaweka moyoni muda wote huo walikuwa wameyasahau. Mama yake mfalme alizikwa kwa habari za asubuhi, wapendwa.

Hadithi yangu imefika kwao, imevua viatu, imelala. Mafunzo mnayapenda, haya chukueni hili: mtu akija kukuziba mdomo, atasema anamwonea huruma jirani yako. Kamwulize jirani mwenyewe, na mwulize kabla hajapewa maji. Na siku jirani anapoita, itikia kwa mdomo. Mdomo Mungu hakukupa kwa ajili ya viazi tu.

Anayetaka kwenda kunishtaki kwa Nguchiro aende, nyumba yangu anaijua. Aseme kabisa bibi kaita "Yupo", na "Anaona", na "Atauliza", na hakumungʼunya.

Mmesikia?

Nauliza, mmesikia?

Mbona mnatazamana? Mnamtazama nani huko mlangoni?

Haya, basi. Najua, mmeitikia moyoni. Zimeni moto mkalale.